Ni nani huyo "sisi"? Adrienne Rich na insha zake



Kwenye ukurasa huu tumezoea historia ya vita, ya mikataba na ya marais. Leo naleta historia ya insha. Ndiyo, insha: karatasi ambazo mshairi mmoja mwanamke wa Marekani aliandika kwa miaka karibu 40, juu ya siasa, juu ya swali la "mimi ni nani", na juu ya vitabu. Anaitwa Adrienne Rich. Mimi niko agronomu, sikusoma Lettres, basi ba-prof wa fasihi wanivumilie. Nimemsoma vile ninavyosoma udongo: nachimba shimo, naangalia tabaka moja baada ya lingine, na sijali sana kama majani ya juu yanapendeza.

Tuanze na mwaka 1997. Mwezi wa saba, Adrienne Rich alijulishwa kwamba amechaguliwa kupewa Medali ya Taifa ya Sanaa, ile ambayo rais wa Marekani anaitoa mwenyewe. Wakati ule rais alikuwa Bill Clinton. Mama alikuwa na miaka 68, mgonjwa wa viungo tangu ujana wake, na jina lake lilikuwa kubwa. Akaandika barua fupi kwa Jane Alexander, mkuu wa mfuko wa taifa wa sanaa, akasema hapana. Sababu yake haikuwa ya kificho: mwaka mmoja mbele ya hapo Clinton alikuwa ametia sahihi sheria iliyokata misaada ya maskini, pengo kati ya tajiri na fukara lilikuwa linapanuka, na bunge lenyewe lilikuwa linataka kuua huo mfuko wa sanaa. Aliona serikali haiwezi kuchagua wasanii wachache wa kuheshimu huku inawadharau watu walio wengi. Huku kwetu, siku zile, Mobutu alikuwa amekimbia na AFDL imeingia Kinshasa tangu tarehe 17 mwezi wa tano. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nawaza tu: ni wangapi kwetu, miaka ile au miaka hii, wamekataa medali?

Lakini mtu hafiki kukataa medali siku moja. Njo maana lazima turudi nyuma.

Alizaliwa Baltimore tarehe 16 mwezi wa tano 1929. Baba yake, Arnold Rice Rich, alikuwa daktari na profesa mkubwa wa magonjwa kwenye Johns Hopkins, Myahudi wa Kusini mwa Marekani. Mama yake, Helen, Mprotestanti, alikuwa amesomea piano ya kiwango cha juu, akaiacha juu ya ndoa. Ile piano iliyoachwa inasikika chini ya insha nyingi za binti yake, hata pale asipoitaja. Baba ndiye aliyemfundisha mashairi. Alimpa kazi kila siku, kunakili washairi wakubwa wa Uingereza, kuandika, kusahihishwa. Mtoto akajifunza kuandika ili baba afurahi. Mwaka 1951, akiwa na miaka 22 na anamaliza masomo Radcliffe, kitabu chake cha kwanza kikachaguliwa kwa tuzo ya vijana ya Yale. Mchaguzi alikuwa W. H. Auden, mshairi maarufu, na katika utangulizi alioandika alisifu mashairi yale kama vile mtu anasifu binti aliyelelewa vizuri: safi, wapole, wenye adabu mbele ya wakubwa. Nilicheka niliposoma habari hiyo. Ni sifa ambayo mjomba anampa msichana anayepitisha viti kwenye harusi.

Mwaka 1953 akaolewa na Alfred Conrad, mwanauchumi wa Harvard. Hapa nafungua mabano kidogo kwa bandugu wa kilimo na wa uchumi: huyu Conrad, pamoja na mwenzake John Meyer, alichapisha mwaka 1958 makala juu ya uchumi wa utumwa katika Kusini mwa Marekani, kuonyesha kwa hesabu kwamba pamba iliyolimwa na watumwa iliwaletea wenye mashamba faida. Watu wengi walikuwa wanapenda kusema utumwa ungekufa wenyewe kwa sababu haukulipa. Conrad na Meyer wakasema ulilipa, na vizuri. Sisi ambao babu zetu walilimishwa pamba ya lazima na Wabelgiji kuanzia 1917 hatuhitaji hesabu nyingi kuelewa jambo hilo. Nafunga mabano.

Kabla ya kufikisha miaka 30 alikuwa na watoto watatu, wote wavulana. Alipenda watoto wake, na alikuwa anazama. Aliandika usiku, aliandika vipande vipande, saa mtoto amelala. Miaka mingi baadaye, mwaka 1976, akatoa kitabu kizima cha insha juu ya umama, Of Woman Born. Kifaransa kinaitwa Naître d'une femme, kilitoka Paris 1980. Kiini chake ni kutenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyafunga kitita kimoja: umama kama maisha ambayo mwanamke anayaishi na mtoto wake, na umama kama taasisi, yaani sheria, desturi, kanisa, hospitali na maneno ya jirani vinavyomwambia mama jinsi ya kuwa mama. La kwanza anasema linaweza kuwa tamu sana. La pili ni serikali ndani ya nyumba. Kwenye kurasa za mwanzo aliweka maneno ya shajara yake mwenyewe ya miaka ile, hasira na upendo pamoja, bila kuvisafisha. Wasomaji wengi walishtuka. Bamama wengi walipumua.

Nije sasa kwenye sehemu ambayo sisi wa chama cha wenye lisansi lazima tuijue zaidi.

Mwaka 1966 familia ilihamia New York. Mwaka 1968, mwaka uleule Martin Luther King aliuawa, Rich akaanza kufundisha kwenye programu iliyoitwa SEEK, kwenye City College. Chuo hicho kiko juu ya kilima, Harlem. Kilikuwa cha bure tangu 1847. Vizazi vya watoto wa wahamiaji maskini, hasa Wayahudi, walisoma pale bila kulipa minerivali. Lakini watu weusi na Wapuertoriko, waliokuwa wanakiona kila asubuhi kutoka chini ya kilima, waliingia wachache sana, maana shule zao za sekondari hazikuwafikisha kwenye alama zinazotakiwa. SEEK ilianzishwa katikati ya miaka ya 60 ili kuwatafuta vijana hao na kuwaandaa. Na tazama nani walifundisha pale kuandika: Audre Lorde, June Jordan, Toni Cade Bambara, na huyu Rich. Sijui kama kuna chuo kingine kilichowahi kuwa na walimu wa namna hiyo kwenye kozi ambayo ba-prof wakubwa waliidharau, kozi ya kuandika aya na kupanga sentensi.

Tarehe 22 mwezi wa ine 1969 wanafunzi weusi na Wapuertoriko walifunga milango ya sehemu ya kusini ya chuo, wakakaa humo wiki mbili. Walidai chuo kifanane na mji. Mwaka uleule, tarehe 4 mwezi wa sita, kwetu Kinshasa, wanafunzi wa Lovanium walitoka kuandamana wakidai bursi nzuri zaidi, jeshi likawapiga risasi. Sitaki kusema ni historia moja, si moja. Kule walipata kitu: kuanzia 1970 kila kijana aliyemaliza sekondari mjini New York alipata haki ya nafasi katika vyuo vya mji. Kwetu, mwaka 1971, baada ya vurugu nyingine, wanafunzi walitiwa jeshini na inivesite zote tatu zikaunganishwa kuwa UNAZA. Lakini hata kule mlango haukudumu vile ulivyofunguliwa. Mji wa New York ukaanguka kwenye madeni, na mwaka 1976 masomo ya bure yakaisha. Miaka 129 vyuo vilikuwa vya bure. Watu wa Harlem walipoingia kwa wingi, miaka sita tu, hesabu ikafungwa. Kila mmoja asome vile anavyotaka.

Juu ya kazi ile Rich aliandika insha mwaka 1972, na kwangu ni mojawapo ya insha zake nzuri zaidi, ingawa watu wanaotaja jina lake kwenye mitandao hawaitaji. Anaeleza vile alivyofika darasani na wazo kwamba anawaletea wanafunzi lugha. Akakuta lugha wanayo, tena tele, yenye chumvi. Kitu ambacho shule ilikuwa imewanyang'anya ni imani kwamba lugha ile inaweza kuandikwa kwenye karatasi na mtu akaiheshimu. Hakusema sarufi haina maana. Alisahihisha, alifundisha sentensi, aliwapa vitabu vya Wazungu wa zamani pamoja na vya waandishi weusi wa siku zile. Lakini aliona kwamba kijana ambaye kila karatasi yake inarudi imejaa wino mwekundu anajifunza jambo moja tu, kunyamaza. Na kwake, kunyamaza kwa namna hiyo ni siasa tayari.

Nani kati yetu hakumbuki? Kuna mwalimu mmoja, sitataja shule, alikuwa na kipande cha mti kilichofungwa kamba. Ukisema neno la Kiswahili au la kwenu kwenye kiwanja, unavaa shingoni mpaka umkamate mwingine. Tulijifunza Kifaransa, kweli kabisa, na leo kinatulisha. Pia tulijifunza kutazamana kwa jicho la polisi. Nimeona matokeo yake vijijini: agronomu mwenye lisansi anasimama mbele ya bamama 30 wanaolima tangu utoto, anasema "amendement organique", bamama wanatikisa kichwa, hakuna anayeuliza. Ukisema "samadi na majani yaliyooza" wanaanza kukubishia, na kule kubishana njo kazi inaanzia.

Mwaka 1970 Conrad, mume wake, alijiua. Walikuwa wameachana karibuni. Juu ya hilo Rich aliandika kidogo sana na kwa kuchelewa, na mimi napita.

Mwaka 1971 alisoma mbele ya mkutano wa walimu wa fasihi insha iliyobeba jina la mchezo wa Ibsen, juu ya wafu wanaoamka. Wazo lake: mwanamke anayesoma vitabu vya zamani lazima avisome upya kwa macho mengine, si kwa kiburi cha msomi, ila ili aishi. Alijitolea mfano yeye mwenyewe. Alichukua mashairi yake ya ujana akaonyesha mahali ambapo, ili kusema jambo zito, alikuwa anajificha nyuma ya sauti ya mwanaume. Alikuwa amejifunza kwamba mshairi ni "yeye" wa kiume. Kwa Kiswahili jambo hili linatuponyoka kidogo, kwa sababu "yeye" wetu hana jinsia. Tusifurahi haraka. Kifaransa cha ripoti zetu kina jinsia, na kichwa cha mwandishi pia kinayo. Mradi mmoja niliofanyia kazi upande wa Kabare ulitupa fishi ya uchunguzi yenye kisanduku cha "chef de ménage", na maswali yote ya shamba yalitakiwa kujibiwa na huyo shefu. Bwana anakaa kwenye kiti, unamuuliza mbegu gani ya muhogo, lini alipanda, magugu alipalilia mara ngapi. Anageuka nyuma. Jibu linatoka kwa mama aliyesimama mlangoni na mtoto. Bwana analirudia. Unaandika jina la bwana. Njo vile takwimu zinazaliwa.

Rudi kwenye 1974. Mwezi wa ine, Rich alishinda tuzo ya taifa ya vitabu upande wa mashairi, kwa kitabu chake Diving into the Wreck, akishirikiana ushindi na Allen Ginsberg. Kabla ya siku ya tuzo alikuwa amepatana na wanawake wengine wawili waliokuwa kwenye orodha, Audre Lorde na Alice Walker, wote wawili weusi: yeyote atakayeshinda hatapokea kwa jina lake peke yake. Basi alipoitwa alisoma tamko walilolitunga watatu, akapokea kwa niaba ya wanawake wote ambao sauti zao hazikusikika na bado hazisikiki. Vijana wa leo wanaweza kuona ni maneno ya jukwaani tu. Ila angalia mwaka ule ulivyokuwa: ni tarehe 28 mwezi wa kumi 1974 ambapo Marekani ilitia sahihi sheria inayokataza benki kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu ni mwanamke au kwa sababu ameolewa au hajaolewa. Mbele ya hapo benki nyingi zilidai sahihi ya mume. (Siku mbili baadaye, Ali na Foreman walipigana Kinshasa. Dunia yote ilitazama upande wetu.) Kwetu, Sheria ya Familia ya 1987 ilisema mke lazima apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria, na ilibaki hivyo mpaka sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ilipobadilisha. Mwaka 2016, bandugu. Wengi wetu tulikuwa tumeshaanza inivesite. Mama aliyetaka mkopo wa mbegu kwa jina lake alikuwa anahitaji barua.

Sasa tabaka la chini kabisa la shimo, lile la "mimi ni nani".

Mwaka 1982 Rich aliandika insha juu ya Uyahudi wake, na jina lake linasema juu ya mti uliopasuka tangu mzizi. Baba alikuwa Myahudi, mama hapana. Kwa sheria ya dini yao mtoto hufuata mama. Nyumbani neno lenyewe halikutamkwa. Walimpeleka kanisani, si kwa imani, kwa usalama wa jamii. Anasimulia kwamba shuleni alipewa kuigiza Portia katika mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venice, na baba yake, Myahudi, alimfundisha kulitamka neno "Myahudi" kwa dharau zaidi, kama mchezo unavyotaka. Nilisoma hapo nikaweka simu chini. Anasimulia pia vile alivyokwenda peke yake, msichana wa sekondari, kutazama sinemani picha za kambi za mauaji ya Wanazi baada ya kufunguliwa, na nyumbani hawakufurahi. Halafu alipoolewa na Conrad, Myahudi wa jamaa iliyotoka Ulaya Mashariki na iliyoshika mila, wazazi wake hawakuhudhuria harusi. Baba aliyejificha miaka yote hakutaka binti arudi mahali alipopakimbia.

Sisi wa Kivu tunajua bei ya swali "wewe ni wa wapi?" Kwenye barabara fulani, siku fulani, jibu lilikuwa maisha au kifo. Tunajua pia familia zilizobadilisha jina la mtoto ili apite. Faida ya insha ya Rich, kwangu, ni kwamba hatafuti kabila safi la kurudia. Haandiki kusema "sasa nimejua, mimi ni hiki." Anahesabu vipande: mzungu, Myahudi, mtu wa Kusini, binti wa daktari, mama, mwanamke anayempenda mwanamke. Na anauliza kila kipande kilimlinda na nini, na kilimfunga wapi.

Nimetaja kipande cha mwisho, na najua wengine hapa watataka kufunga ukurasa. Tangu 1976 Rich aliishi na mwandishi wa Jamaica, Michelle Cliff, mpaka kifo. Mwaka 1980 alichapisha insha ndefu inayosema kwamba ndoa ya mwanamke na mwanaume haijasimama juu ya mapenzi peke yake: nyuma yake kuna mishahara, mali, vitisho na ukimya, vyote vinasukuma upande mmoja, hata kwa yule ambaye angechagua hivyohivyo bila kusukumwa. Mtu anaweza kutokubaliana naye juu ya mengi. Mimi nasema tu nilichokiona shambani: mwanamke asiye na mume, mjane au aliyeachwa, mara nyingi hana udongo wa kulima, kwa sababu udongo unapitia kwa mwanaume. Kitu ambacho kinampa mtu chakula akikubali na kinamnyima akikataa, sioni vizuri kwa nini tukiite hiari.

Insha ninayoirudia kuliko zote aliisoma Utrecht, Uholanzi, mwanzo wa mwezi wa sita 1984. Inahusu mahali mtu anaposimamia. Rich anaacha neno kubwa "mwanamke" na anaanza upya na mwili wake: makovu, viungo vinavyouma, ngozi nyeupe. Anakumbusha kwamba hospitali alimozaliwa ilikuwa na wodi za weupe na za weusi, kwa hiyo kabla hata dunia haijamtendea kama msichana, ilikuwa imeshampangia kitanda kama mzungu. Kutoka hapo anageuka dhidi ya neno ambalo yeye na wenzake walilitumia miaka 15: "sisi". Sisi wanawake. Ni nani huyo? Nani alihesabiwa ndani yake, na nani alisemewa tu?

Hakulifikia swali hilo peke yake chumbani. Alilisukumiwa. Miaka mitano mbele, mwaka 1979, yeye na Audre Lorde walikaa na mashine ya kurekodi wakazungumza saa nyingi. Mazungumzo yakachapishwa 1981. Ni marafiki, na wanaumizana. Rich anamwomba Lorde amletee ushahidi wa yale anayoyahisi kuwa mwanamke mweusi, ili apate kuelewa. Lorde anasikia ndani ya ombi hilo mlio wa zamani, wa mzungu anayedai mweusi athibitishe maumivu yake. Rich hakuyafuta maneno yale. Na kitabu chake cha umama, ambacho mwanzoni kilimtaja mwanamke mweusi aliyemlea utotoni kana kwamba alikuwa mama yake wa pili, alikirudia mwaka 1986 katika chapa mpya, akaonyesha kwamba yule mama alikuwa mfanyakazi wa mshahara, mwenye nyumba yake na labda watoto wake waliobaki bila yeye. Waandishi wachache wanarudi kuchimba chini ya ukurasa wao uliosifiwa.

Kwa Kiswahili hii "sisi" imejificha vizuri zaidi. Kwa Kifaransa lazima useme "nous", neno linasimama peke yake, unaliona. Kwetu ni silabi moja iliyogandishwa kwenye kitenzi: tunalima, tulikubaliana, tumeamua. Nani alikubaliana? "Tu." Soma tena ripoti za koperative zetu, soma hata matangazo ya chama hiki, utaona "tu" inafanya kazi kubwa sana bila kulipwa.

Juu ya fasihi nitapita haraka, ingawa wapenzi wa fasihi wangekaa hapo. Insha yake ya 1975 juu ya Emily Dickinson ni nzuri kabisa. Watu walikuwa wanasimulia Dickinson kama msichana mzee aliyejifungia chumbani kwa huzuni ya mapenzi, aliyeandika mashairi karibu 1,800 na kuchapisha wakati wa uhai wake kama kumi tu. Rich alikwenda mpaka nyumba yenyewe, Amherst, akapanda chumba cha juu, akaandika kwamba mlango ule ulifungwa na mtu anayejua nguvu yake na anayehitaji muda. Ni usomaji wa mtu aliyewahi kutafuta saa moja ya kuandika wakati watoto watatu wamelala.

Mahali ninapopigana naye ni Nicaragua. Alikwenda huko 1983, akavutwa na nchi ambamo padri mshairi, Ernesto Cardenal, alikuwa waziri wa utamaduni, na ambamo wakulima waliandika mashairi kwenye warsha. Insha yake juu ya damu, mkate na mashairi imezaliwa kutoka safari ile. Alikuwa na haki kukasirikia serikali yake iliyokuwa inalisha waasi dhidi ya nchi ndogo. Lakini mapinduzi yanamwonyesha mgeni kile anachopenda kuona, na mgeni mshairi yanamwonyesha mashairi. Sisi tulikuwa na nchi ya nyimbo na ngoma kila asubuhi, animasiyo politiki, na wageni walipiga makofi. Ningependa angeuliza pale Managua swali lilelile la Utrecht.

Adrienne Rich alikufa Santa Cruz, California, tarehe 27 mwezi wa tatu 2012, miaka 82.

Nimeanza kutafsiri insha ya Utrecht kwa Kiswahili, aya moja moja, jioni kama kuna umeme. Niko aya ya tisa. Neno "location" limenishinda mpaka sasa: "mahali" ni dogo, "makao" inaleta nyumba, "msimamo" inaleta ukaidi. Mama mmoja wa shamba nilimweleza, akasema kwao mtu huulizwa "unalimia wapi?", na jibu linaeleza yote: udongo gani, wa nani, kwa ruhusa ya nani. Nimeliandika pembeni ya karatasi. Mwenye wazo lingine alete kwenye komenti, na mwenye nakala ya Naître d'une femme hapa Bukavu, hata kama imetoboka na panya, aniazime kwa juma mbili.